Bunduki ya sponji, hatua ya tatu: betri

Kazi ya ndani ya ile Nerf Stryfe, bunduki ya kuchezea ya mtumba niliyoipata soko la Memorial hapa Moshi, imekwisha. Mota mbili mpya za ukubwa wa 130 zimekaa vizuri, waya nyembamba za kiwandani zimetoka, na kile kidude kinachobana umeme mota zikizidiwa nacho nimekitoa. Imebaki betri, na hapa sitaki haraka. Kidude kile ndicho kilikuwa mlinzi. Sasa mota zitavuta zinavyotaka, na betri isiyoweza kutoa itachemka humo humo ndani ya plastiki, sentimita chache kutoka kwenye vidole vya mtu.

Lengo ni Desemba. Ukoo ukishapanda kutoka Dar, watoto wanagawana timu mbili na vita inapigwa kihambani, katikati ya migomba. Kwa hiyo hii si betri ya kukaa mezani kwangu tu, ni ya kushikwa na mikono ya watu wengi, tena wenye papara.

Watu wakichagua betri huangalia volti na mAh, yaani ujazo wake. Mimi nimeanza na ampea, yaani kiasi cha umeme inachoweza kutoa kwa mpigo. Bunduki hii hurusha mshale kwa magurudumu mawili yanayozunguka, na kila ukibonyeza, mota zinaanza kutoka sifuri. Mota ambayo bado haijazunguka ndiyo inayovuta umeme mwingi kuliko wakati mwingine wowote, na mshale ukikwama hali ni ile ile. Nikachukua multimita. Ncha zake zikigusana zenyewe zinasoma omu 0.4, zikigusa mota zinasoma 1.2, kwa hiyo mota yenyewe ni kama 0.8. Seli mbili za lithiamu zikijaa ni volti 8.4. Gawanya: ampea 10.5 kwa mota moja, 21 kwa zote mbili. Multimita ya bei rahisi haiaminiki sana kwenye omu ndogo hivyo, lakini hata ikikosea kidogo, ujumbe umefika.

Nikiwa na hiyo 21 kichwani, nikapita kwa mafundi. Wa kwanza akanitolea seli za tochi, zile za 18650, zimeandikwa 9900mAh. "Kaka, hizi ni moto, chukua mbili tu zinakutosha." Hakuna seli ya 18650 yenye ujazo huo duniani, nyingi zilizo bora zinaishia karibu na 3500. Nikamwomba moja, nikavuka barabara hadi kwa mama muuza viungo mwenye mizani ya kidijitali, tukaiweka palepale penye iliki. Gramu 29. Seli ya kweli huwa na gramu 45 au zaidi kidogo. Mama akacheka: "Hiyo imejaa hewa, mwanangu." Nimeirudisha kwa adabu.

Fundi wa laptop alikuwa na seli halisi, alizozitoa kwenye betri mbovu. Hizo si feki, ila zimeundwa kutoa umeme polepole kwa saa kadhaa, nyingi zikiwa na uwezo wa ampea nne au tano hivi. Ukizidai 21 zinachemka, na kwa kuwa zimeshatumika, kila moja imechoka kivyake. Vile viseli vya lithiamu visivyo na kinga, vya 14500, vyenye umbo la betri ya AA, sikutaka hata kuvijadili. Vinaingia kwenye nafasi ya kiwandani bila kukata plastiki, ndiyo maana watu wanavipenda, lakini ni vidogo mno kwa mota kama hizi.

Zimebaki njia mbili za heshima. Moja ni 18650 za kutoa umeme mwingi, kama Samsung 25R: 2500mAh, ampea 20, gamba la chuma, ngumu kuharibika. Ingenipasa kuikata bunduki sana ili ziingie. Ya pili ni lipo, betri ya lithiamu ya mfuko laini, ya seli mbili, nyepesi na bapa. Uwezo wake wa ampea unapatikana kwa kuzidisha ujazo na ile namba ya C iliyoandikwa juu yake: 1300mAh ya 45C ni 1.3 mara 45, ampea 58. Namba ya C watengenezaji huikuza, basi mimi naikata nusu. Inabaki 29, bado iko juu ya 21. Nimechagua hiyo.

Kuipata ni hadithi nyingine. Betri za lithiamu zikiwa peke yake haziruhusiwi kama mzigo kwenye ndege za abiria tangu 2016, hivyo wauzaji wengi wa nje hawataki kuzituma. Abiria anaruhusiwa kubeba kwenye begi la mkononi, mradi betri haizidi wati-saa 100. Hii yangu haifiki 10. Shemeji alitua nayo uwanja wa ndege wa KIA, imefunikwa ncha kwa selotepu.

Nimeweka konekta ya XT60, waya laini wa silikoni wa 1.5mm², swichi ya ampea 21, na fyuzi ya gari ya 15 kwa ajili ya shoti (ile 21 ya kuanza ni ya kufumba na kufumbua, haiikati). Kengele ndogo ya volti inalia seli yoyote ikishuka hadi 3.5, chini ya 3.0 lipo inaharibika. Nachaji kwa chaja inayosawazisha seli, kwa ampea 1.3, betri ikiwa ndani ya chungu cha udongo juu ya sakafu ya saruji, na mimi nipo. Nikimaliza kucheza naiacha kwenye 3.8 kila seli, mbali na dari ya bati, maana joto la Moshi la Januari halina utani. Ikivimba tu, kazi yake imekwisha.

Mpwa wangu ameshapiga simu: "Mjomba, si uweke ya seli tatu?" Volti 12.6, ampea 31: swichi inaungua, mota zinakufa mapema, na mshale unaanza kuumiza. Nimemwambia aje na miwani ya kukinga macho kwanza.

Bunduki ya pili, ya wadogo, sitaigusa ndani. Itatumia AA nne za kuchaji za NiMH. Ni volti 4.8 badala ya 6, lakini mota zikivuta hazilegei kama betri za alkalaini, na mtoto wa miaka saba hawezi kuziharibu kirahisi.