Kwa Mikono ya Nani

Somo: Matendo ya Mitume 11:27-30

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Jumanne nilipita Ahero, nikaona wenye vibanda upande wa mto wameanza kuinua mizigo yao juu ya matofali. Hapa Kisumu jua lilikuwa linachoma. Lakini watu wa uwanda wa Kano hawaangalii mawingu ya kwao tu, wanaangalia na ya Nandi. Mvua ikipiga milimani usiku, mto Nyando ndio huleta habari alfajiri, na mtu anaweza kuamka akute maji chini ya kitanda ilhali kwake hakujadondoka hata tone. Masika yanakaribia. Ndiyo maana wiki hii nzima nimekaa na Agabo.

Agabo alikuwa nabii aliyeshuka kutoka Yerusalemu na wenzake mpaka Antiokia. Alisimama akasema njaa kubwa inakuja, na Luka anatuambia kwamba ilikuja kweli, siku za Klaudio. Kinachonishika hapa ni kwamba njaa ile ilitabiriwa kwa dunia nzima. Antiokia nayo ilikuwamo. Waumini wale wangeweza kusema, bila mtu kuwalaumu, tujaze kwanza maghala yetu. Wao wakaazimu, kila mtu kwa kadiri alivyofanikiwa, kuwapelekea msaada ndugu waliokaa Uyahudi. Na mstari wa 26 ndio ule unaosema kwamba hapo Antiokia ndipo wanafunzi walipoitwa Wakristo kwa mara ya kwanza. Wamepewa jina, na jambo la kwanza tunaloambiwa juu yao baada ya jina hilo ni mchango.

Sisi huchanga baadaye. Nasema sisi, maana na mimi nimo.

Mnakumbuka masika ya 2024. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili maji yalishuka Mai Mahiu, kule kaunti ya Nakuru, yakabeba nyumba pamoja na watu waliokuwa wamelala. Nchi nzima ililia. Msimu huohuo huku kwetu Nyando ilikuwa imevunja kingo zake, Budalang'i walikuwa wanapigana na Nzoia, na shule zilichelewa kufunguliwa, nyingine kwa sababu madarasa yake yalikuwa yamegeuka nyumba za watu. Kanisani tangazo lilitolewa Jumapili, na kufikia Jumatano stoo ilikuwa haifungiki. Nguo, nguo, na nguo tena. Na magunia mawili ya maharagwe makavu, mazuri, yaliyochambuliwa na akina mama kwa mikono yao. Tulipanga gari, tukaimba njia nzima.

Kwenye shule tuliyoiendea, iliyokuwa kambi ya waliokimbia maji, tulipokelewa vizuri. Nyanya mmoja, ambaye wote pale walimwita Dani, alipewa fungu lake la maharagwe kwenye karai. Akashukuru, akatuombea. Kisha akanivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kumwaibisha mgeni: "Nyathina," yaani mwanangu, "haya nitayapikia nini?"

Niligeuka nikatazama jiko lao. Mawe matatu, kuni mbili mbichi zikitoa moshi bila moto, na sufuria moja inayozungushwa kwa familia nne. Maji ya kunywa yalikuwa ya kupanga foleni. Maharagwe makavu yanataka saa tatu motoni, nanyi mnajua. Tulikuwa tumewaletea chakula kinachohitaji kuni kavu, maji safi, sufuria na utulivu, yaani vitu vilevile ambavyo mto ulikuwa umevichukua. Dani alikuwa amekaa juu ya furushi la nguo zilizoletwa na watu waliotutangulia. Akaniambia sasa ana nguo kuliko alizokuwa nazo kabla ya mafuriko.

Hakuna aliyekosa upendo kati yetu. Wale akina mama walitoa kwa machozi. Kosa letu ni kwamba hakuna aliyekwenda kwanza kuona. Tulituma mzigo kabla ya kutuma mtu.

Rudi sasa kwenye mstari wa 30. Antiokia waliwapelekea wazee ule msaada "kwa mikono ya Barnaba na Sauli." Hebu fikirini ni nani hao. Ni walimu wao wawili, waliokuwa wamefundisha kanisa lile mwaka mzima. Sisi tungesema mchungaji abaki, ana mahubiri Jumapili, vijana wapeleke. Wao waliwatoa watu waliokuwa wakiwategemea kuliko wote. Barnaba alikuwa ameshauza shamba lake mwenyewe, fedha akaziweka miguuni pa mitume. Mtu kama huyo akibeba fungu la mjane anajua uzito wake.

Lakini huyu wa pili ndiye aliyeninyima usingizi. Sauli anatumwa Uyahudi. Sura ya 8 inasema alikuwa akiingia nyumba kwa nyumba, akiwaburuta wanaume kwa wanawake na kuwatupa gerezani. Huko ndiko anakorudi, amebeba msaada. Nimewaza juu ya mlango mmojawapo kule. Mama anafungua, anamwona mtu yuleyule, na safari hii mikono ile imeshika kitu cha kuwalisha watoto. Maandiko hayatuambii walisalimianaje. Yanatosha kutuambia mikono ilikuwa ya nani.

Mimi niliona kitu cha namna hiyo kwa macho yangu, wiki ya pili ya ile kambi. Ilikuja pikapu kutoka upande wa milimani. Ninyi mnaokaa mpakani kati yetu na Nandi mnajua habari za ng'ombe walioibwa, mishale, nyumba zilizochomwa, na majina ambayo kila upande huutajia upande wa pili. Pikapu ilipopiga kona kuingia langoni, uwanja ulinyamaza. Wakashuka wanaume wanne na mama mmoja. Walileta unga uliokwisha kusagwa, maziwa kwenye madumu, na kuni kavu zilizofungwa mafungu mafungu. Kuni! Walikuwa wamepiga simu siku iliyotangulia wakauliza nini hakipo. Mzee mmoja wa pale, ambaye kijana wake ana kovu lililotokana na ugomvi wa mpaka, alikaa kitambo bila kuinuka. Kisha akaenda mwenyewe kupokea dumu, akalibeba na yule mgeni, huyu mkono huu, yule mkono ule, mpaka kwenye darasa la pili. Sikusikia waliongea nini. Waliporudi walikuwa wanazungumza habari za bei ya mahindi, kama wazee wowote.

Jambo hilo, lori letu lililojaa nguo halikuweza kulifanya, wapendwa. Linataka mtu aje.

Kuna neno la hesabu, na sitalirefusha. Sauli huyuhuyu, ndiye Paulo, miaka baadaye, akikusanya mchango mwingine kwa ajili ya Yerusalemu, hakukubali kuubeba peke yake. Katika 1 Wakorintho 16 anasema watakaopeleka ni wale ambao waumini wenyewe watawachagua, na katika 2 Wakorintho 8 anaeleza sababu: asije mtu akawalaumu, kwa kuwa wanataka mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele za watu pia. Mtume mzima! Sisi tuliwahi kupitisha mchango kwenye simu ya mtu mmoja, na hesabu haikusomwa hadharani. Inawezekana kila shilingi ilifika. Lakini mpaka leo wapo ndugu ambao neno "mchango" likitajwa wanatazama sakafu, na siwalaumu. Pesa zisomwe, jumla na matumizi, na watu watatu watie sahihi. Na picha za watoto wenye kamasi na matope zibaki bila kupigwa. Mtoto huyo kesho atakuwa mtu mzima, na simu hazisahau.

Tulirudi kwa Dani mara ya pili tukiwa wawili tu, mikono mitupu, na daftari. Niliona aibu kwenda bila kitu. Tukakaa, tukauliza. Waliyoyataja hayakuwa makubwa: dawa ya kutibu maji, maana kipindupindu kilikuwa kinaogopwa, ndoo zenye mfuniko, pedi za wasichana, ambazo hakuna mwanamume aliyekuwa amezifikiria, turubai, neti. Dani alitaja vitu viwili, jembe na mbegu ya mtama. Alisema, "Maji yakishuka, ardhi itakuwa laini. Nikichelewa wiki mbili nimeupoteza mwaka."

Wiki ya sita, magari yote yalipokwisha kuondoka, vijana wetu kumi na mmoja walikwenda kufanya saga nyumbani kwake, ile ya kizamani, ambapo watu hukusanyika kulima shamba la mwenzao kisha wanakula pamoja. Safari hii halikuwa shamba, ilikuwa nyumba. Alama ya maji ukutani ilinifikia kifuani. Tope la Kano ni jeusi na linanata, likikauka linakuwa kama saruji, tukalitoa kwa jembe na karai kuanzia saa mbili mpaka alasiri. Chini ya kitanda kijana mmoja aliibua Biblia yake ya Kiluo, imevimba, kurasa zimeshikana. Dani aliipokea, akaipangusa kwa leso, akaianika juu ya paa la banda la kuku. Kisha akatupikia. Yale maharagwe alikuwa ameyatunza, sasa kuni zilikuwa zimekauka.

Kwa hiyo ombi langu wiki hii. Jumapili baada ya ibada tubaki nusu saa. Tuchague watu watatu wa kwenda Nyando sasa, kabla ya mvua, wakakae na mzee wa kijiji na wajitolea wa Msalaba Mwekundu, watuambie nyumba zipi zina wazee peke yao, nani ana mgonjwa asiyeweza kutembea, shule ipi hukimbiliwa. Tununue dawa ya maji na mabuti ya mpira sasa bei zikiwa chini. Na tupate namba ya simu ya ndugu mmoja huko milimani, wa kutuambia mvua imepiga kabla mto haujafika. Nimeshaongea na yule mama aliyeshuka kwenye pikapu. Amesema atapiga hata ikiwa saa nane za usiku.