Magamba ya Rangi Katika Mchanga wa Kibirizi

Mwezi uliopita nilikaa siku mbili ufukweni Kibirizi, hapa Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika, nikimsaidia mjomba wangu kukwangua boti yake ya mbao, ambayo ilikuwa imepinduliwa juu ya magogo ili ipigwe kalafati, yaani kuzibwa nyufa zake, na kupakwa rangi upya kabla ya kurudi kwenye kazi ya dagaa. Chini ya buluu ya sasa tulikuta kijani, chini ya kijani tukakuta manjano, na chini kabisa nyekundu iliyokolea, ngumu kama kigae. Magamba yalidondoka mchangani, vumbi likatukaa kwenye nyusi, na watoto wa jirani wakawa wanaokota vipande vya manjano kwa sababu ya kung'aa kwake. Kufikia jioni upepo ulikuwa umekwisha kupeleka sehemu kubwa ya magamba hayo majini, hatua chache kutoka mahali ambapo kina mama huosha vyombo na kuchota maji.

Nilimwambia mjomba kwamba rangi za zamani kama zile aghalabu huwa na risasi. "Risasi si ya bunduki, mwanangu?" aliniuliza, na swali lake lilikuwa la haki, maana ni madini yaleyale. Kwa miaka mingi viwanda viliyatia katika rangi kwa sababu yana faida zinazoonekana: risasi nyeupe huifanya rangi ifunike vizuri na kudumu, mchanganyiko wake na kromiamu hutoa manjano na rangi ya chungwa isiyofifia upesi, na risasi nyekundu huzuia kutu kwenye chuma. Meli za chuma zilizojengwa zama za MV Liemba, iliyoshushwa ziwani hapa Kigoma mwaka 1915, kwa kawaida zilipakwa risasi nyekundu kabla ya rangi ya juu. Madhara yake hayakuwa siri. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia matumizi ya risasi nyeupe katika kupaka ndani ya majengo, na Marekani ikapiga marufuku rangi ya nyumba yenye risasi mwaka 1978, ilhali katika nchi nyingi za Afrika rangi hizo ziliendelea kuuzwa madukani kwa miongo mingine kadhaa. Jambo hilo linaniumiza kila ninapolifikiria.

Mwili huipokea risasi kana kwamba ni kalisi, madini yanayojenga mifupa, ukaihifadhi katika mifupa, na mama anapobeba mimba risasi hiyo inaweza kutoka mifupani mwake na kumfikia mtoto tumboni. Mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima kutokana na kiasi kilekile kilichomezwa, na kinachoathirika kwanza ni ubongo wake unaokua. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Baharini kumekuwa na kisa kingine. Rangi za matumbo ya meli zilitiwa sumu yenye bati ili chaza na mwani visijishike, na katika ghuba ya Arcachon, Ufaransa, sumu hiyo iliharibu ufugaji wa chaza kiasi kwamba nchi hiyo iliiwekea vikwazo mwaka 1982. Mkataba wa kimataifa wa kuikataza ulipitishwa mwaka 2001, ukaanza kutumika mwaka 2008. Arcachon, hata hivyo, maji hujaa na kupwa kila siku na kubadilishana na bahari kuu. Ziwa Tanganyika, lenye kina cha takribani mita 1,470, lina mto mmoja tu unaotoka, yaani Lukuga, na sehemu kubwa ya maji yake huondoka kwa kuvukizwa na jua. Risasi haivukizwi. Gamba linaloanguka Kibirizi leo linabaki nasi, katika tope la ufukweni ambamo konokono na samaki wa pembeni hujitafutia chakula.

Siku ya pili tulibadili namna ya kufanya kazi. Tulitandika turubai pana chini ya boti, tukalowesha mbao kabla ya kupiga msasa ili vumbi lisipeperuke, tukawaomba watoto wacheze mbali, na hatukula chochote kabla ya kunawa kwa sabuni. Mjomba alikuwa amezoea kulainisha rangi ngumu kwa moto. Nilimsihi aache, kwa kuwa moto hauiteketezi risasi bali huigeuza kuwa moshi unaoingia moja kwa moja mapafuni. Dukani tuliuliza rangi mpya ina risasi kiasi gani, tukijua kwamba Umoja wa Mataifa unapendekeza isizidi sehemu 90 katika milioni, na muuzaji alituonyesha kopo ambalo halikuandikwa lolote kuhusu hilo. Tulikwenda duka la pili, kisha la tatu, ndipo tukapata lililoandikwa.

Magamba tuliyoyakusanya yalijaza nusu ya mfuko wa saruji. Mjomba aliniuliza tuupeleke wapi, nami sikuwa na mahali pa kumtajia, kwa sababu kuutupa jalalani ni kuusubirisha tu hadi mvua iyasombe yaliyomo na kuyarudisha ziwani. Mfuko huo ungali stoo kwake, umefungwa kwa kamba mara mbili na kuwekwa juu, watoto wasipofikia.