Chembe 19

Tulitaka kujua umri wa mshipa wa bati, na majibu ya kemia kutoka maabara yalifika Bukavu kabla ya majibu ya umri; hilo ndilo lililotuokoa. Tulikuwa tumetuma kidonge kimoja cha gundi ya epoksi, upana wa milimita 25, chenye chembe 60 za kasiteriti, yaani madini ya bati. Kwenye lebo tuliandika: mshipa wa kwatsi, Kalehe. Chembe 41 zilikuwa kama tulivyozitarajia, zina chuma na tungsteni, lakini niobi na tantali ni haba. Zile 19 zilijaa tantali na niobi, na uwiano wa zirkoni kwa hafni ulikuwa chini. Hiyo ni alama ya pegmatiti, mwamba wa chembe kubwa, si ya mshipa wa kwatsi.

Sababu yake ni hii. Pegmatiti huganda kutoka kwenye uji wa moto wa mwisho wa matale (graniti), na humo niobi na tantali hujikusanya hadi kuingia ndani ya kasiteriti yenyewe. Maji ya moto yenye chumvi, yale yanayojaza mishipa, hubeba bati vizuri lakini niobi na tantali hayawezi kuzibeba mbali. Yakikutana na miamba ya mika iliyo pembeni, asidi yake hupungua, bati hupoteza elektroni, na kasiteriti hujishika kwenye kuta za ufa. Kwa hiyo chembe ya mshipa na chembe ya pegmatiti zinaweza kuwa za mlima mmoja na bado zikawa zimezaliwa kwa njia mbili.

Nilimwuliza mzee aliyekuwa akitusagia mawe. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: “Mwalimu, lile chekecheke la juzi lilipitisha mchanga wa koltani, ule wa pegmatiti, wenye kasiteriti ndani yake. Niliosha, lakini niliosha kwa maji tu.” Nilimjibu: “Papa, kosa si lako. Sisi hatukukupa wavu mwingine.” Na kweli kosa lilikuwa letu. Chembe yenye upana sawa na tundu hunasa kwenye wavu wa chuma, na maji hayaitoi. Kasiteriti ni nzito, karibu mara 7 ya maji, kwa hiyo ikidondoka ndani ya sampuli inayofuata, kazi ya karai huikusanya badala ya kuiondoa. Mshipa wetu ulikuwa na kasiteriti kidogo, ndiyo maana uchafu mdogo ulifikia karibu theluthi.

Kilichonitia hofu zaidi ni kwamba umri usingetuonyesha kosa hilo. Umri husomwa kwa kupima urani na risasi inayotokana nayo. Kasiteriti ina urani kidogo, mara nyingi sehemu chache tu kwa milioni, na risasi ya kawaida, isiyotokana na urani hiyo, huingia kwenye nyufa. Tundu moja la leza, inayochimba chembe ili ipimwe, linaweza kukosea kwa asilimia 2 au 3. Kwa mawe ya huku, ambako matale ya bati yana karibu miaka milioni 986, huko ni kukosea kwa miaka milioni 20 au 30. Pegmatiti na mshipa vikipishana kwa miaka milioni 10, nukta zote zingejipanga kwenye mstari mmoja mzuri wa risasi na urani, tungesoma umri mmoja, na tungeuamini.

Tulirudi kwenye ukuta wa mshipa wenyewe, si kwenye mchanga uliokwisha kuoshwa, tukabomoa kilo 6 za jiwe lenye kasiteriti inayoonekana kwa macho. Kabla ya kusaga, tulipitisha kwatsi tupu kwenye kinu mara mbili na kuimwaga. Chekecheke la chuma tuliliacha. Tulikata kitambaa cha nailoni, kipande kipya kwa kila jiwe, kikatupwa baadaye. Tulichukua chembe za kati ya maikroni 100 na 500, tukazikaraia taratibu, kisha tukapitisha sumaku ya mkono ili kutoa magnetiti, na baada yake sumaku yenye nguvu, ambayo huvuta ilmeniti na sehemu kubwa ya koltani (madini ya niobi na tantali) na kuacha kasiteriti.

Chini ya darubini, tumalini nyeusi na koltani bado hudanganya macho. Hapo nilitumia kipande cha zinki: chembe chache za majaribio juu yake, matone ya asidi hidrokloriki iliyopunguzwa, dakika kadhaa, kisha maji. Kasiteriti hupata ngozi ya kijivu ya bati inayong'aa ukiisugua kwa kitambaa, koltani hubaki jinsi ilivyo. Chembe hizo za majaribio haziingii kwenye kidonge.

Kidonge cha pili kilisuguliwa hadi almasi ya maikroni 1, kikapigwa picha kwa miale ya elektroni ili pete za ukuaji zionekane, na kila mahali pa leza palichaguliwa ndani ya pete moja, mbali na nyufa. Kemia ilipimwa kwanza, kwa ombi letu. Chembe zilikuwa 48, zote tantali haba, zote tungsteni ya kutosha. Ndipo tukaandika barua kwamba leza inaweza kuwashwa.