Minazi 50 kwa eka: mashamba ya ng'ambo yalivyogeuka ploti

Ukitaka kujua mtaa wa Kisauni au Likoni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, ulikuwa shamba la nani na liliishia wapi, anza na minazi iliyobaki. Shamba lililopandwa kwa mpango huachiwa mita 9 hivi kati ya mti na mti, yaani minazi 50 kwa eka. Ukiona mmoja nyuma ya duka, wa pili ndani ya ua wa jirani na wa tatu kando ya msikiti, yote katika msitari mmoja, tayari umelipata shamba. Miembe mikongwe mara nyingi ndiyo mipaka, kwani kabla ya bikoni, alama za mipaka za wapima, watu walitaja mti.

Sensa ya 1948 ilipata watu karibu 85,000 Mombasa. Ya 1962 ilipata karibu 180,000, na ya 2019 ikafika 1,208,333. Kisiwa nacho hakikuongezeka hata shubiri: ni kilomita za mraba 14 hivi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia bandari ilihitaji vibarua, vibarua wakahitaji pa kulala, na mgomo wa Januari 1947 uliwaonyesha wakubwa kwamba mishahara na makazi vilikuwa havitoshi. Kisha kazi zenyewe zikavuka maji: saruji Bamburi 1954, kiwanda cha kusafisha mafuta Changamwe 1963. Maji ya bomba kutoka chemchemi za Mzima yalifika 1957. Palipokuwa na muhogo na nazi pakaanza kuota vyumba vya kupangisha.

Linganisha Nyali na Kisauni, majirani wa kuvukia daraja moja (la kuelea la 1931, kisha hili la zege la 1980). Nyali ilikuwa shamba la mkonge la mwenyewe mmoja. Mwenyewe mmoja akikata ardhi huchora barabara kwanza, ndipo akahesabu ploti. Kisauni kulikuwa na mashamba mengi ya familia, na kila familia ilikata kwa wakati wake na kwa shida yake.

Hesabu ndiyo inayoeleza vichochoro. Chukua kipande cha eka mbili, upana futi 150 na urefu futi 580. Ukipitisha barabara ya futi 30 katikati, kila upande unabaki na futi 60, na ploti za futi 60 kwa 80 zinatoka 14. Ukiifuta barabara ukakata za 50 kwa 100, unapata 15 kamili na mbili nyingine kutoka kipande cha mwisho. Ni 17. Kwa warithi wanaogombea mafungu, ploti tatu si kitu cha kuachia gari lipite. Kinachobaki ni kichochoro cha futi sita, na miaka 20 baadaye lori la kunyonya choo linasimama barabara kuu na mpira wake haufiki.

Mirathi ya Kiislamu nayo hufunga mambo zaidi. Mke ana thumuni ikiwa marehemu ameacha watoto, na binti hupata nusu ya fungu la mwana wa kiume, lakini mara nyingi hati hubaki na jina la babu. Anayekuuzia "fungu lake" bila saini za wenziwe amekuuzia ugomvi. Na shamba lililowekwa wakfu haliuzwi kabisa, hata akija kukuonyesha mjukuu wa aliyeliweka.

Halafu kuna nyumba bila ardhi, jambo ambalo mtu wa bara huchelewa kulielewa. Mwenye shamba hakuuza: alimruhusu mtu ajenge, akamtoza kodi ya ardhi kila mwezi. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma, ikawa ya aliyejenga, na udongo chini yake ukabaki wa mwingine. Mnazi uliomo uani huenda ni wa mtu wa tatu, na mgema ana mapatano naye, si na wewe. Sheria ya hati ya 1908 iliongeza tabu: ardhi ya ukanda wa Pwani ambayo haikudaiwa ilihesabiwa ya Serikali ya Mwingereza, na Wamijikenda wengi hawakupata hati. Maskwota wa leo wanatoka humo. Shamba la Waitiki kule Likoni, eka 930, lilisubiri hadi 2016 wakazi wakaanza kupewa hati.

Chini ya ardhi pia si sawa kila mahali. Nyali, Bamburi na sehemu kubwa ya kisiwa ni mawe ya matumbawe na mchanga, na humo maji ya choo hupita upesi hadi kisimani. Changamwe na Miritini kuna udongo mzito wa mwamba laini unaovimba na kunywea: kuta hupasuka, na shimo la choo hujaa masika yakianza kwa sababu halinyonyi.

Kanuni ya kawaida ni mita 30 kati ya kisima na choo. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni mita 15 kwa 30. Hata ukiweka kisima pembe hii na choo pembe ile, choo cha jirani kiko nyuma ya ukuta, hatua tano tu. Kanuni hiyo iliwezekana wakati eka ilikuwa na nyumba moja.

Kosa la mafundi linaloniudhi kuliko yote ni la mashina. Wanakata mnazi usawa wa ardhi na kumwaga zege juu. Shina linaoza, mchwa wanaingia, sakafu inabonyea. Ling'oe na mizizi yake, kama mita moja kwenda chini, jaza kifusi tabaka za sentimita 15 na kushindilia kila moja. Gogo usiliache likaozea pembeni, kwani ndimo chonga, mdudu anayeshambulia minazi, hutaga, na akitoka huingia kwenye vilele vya minazi michache ya jirani iliyosalia.

Kabla ya kulipa, fanya utafutaji wa hati kwa msajili, na kama ardhi bado imeandikwa ya kilimo, ombi la idhini ya bodi ya ardhi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mapatano. Bila idhini, mauzo ni batili. Kisha pima chumvi ya kisima. Kila mita ya maji matamu juu ya usawa wa bahari hushikilia takriban mita 40 chini yake, kwa hiyo pampu za mtaa mzima zikiyashusha nusu mita, chumvi hupanda mita 20. Kapime mwishoni mwa kaskazi, Machi, kabla ya mvua. Juni karibu kila kisima ni kitamu.