Bati Lililogeuka Misumari na Saruji

Katika duka letu la vifaa vya ujenzi hapa Moshi, mimi na kijana wa stoo tulikuwa tukiandikiana oda kwa tarakimu tupu, kila bidhaa na msimbo wake: misumari 1, saruji 2, bati 12. Siku moja nilimwandikia 12 nikimaanisha bati, naye akamtolea mteja misumari na mfuko wa saruji. Sikuweza kumlaumu, kwa kuwa msimbo wa misumari ulikuwa ndio mwanzo wa msimbo wa bati.

Sasa misumari ni 0, saruji 10, bati 110 na rangi 111. Nikiandika 011010 bila nafasi wala mkato, anasoma 0, kisha 110, kisha 10, kwani hakuna msimbo ulio mwanzo wa mwingine, hivyo kila msimbo hujionyesha wenyewe unapoishia. Namba za simu za nchi hufuata utaratibu huohuo: maadamu Tanzania ni 255, hakuna nchi yenye 25.

Mwaka 1952 Mmarekani David Huffman alichapisha njia ya kuipa alama inayotokea mara nyingi msimbo mfupi. Ndiyo maana misumari, inayoulizwa kutwa nzima, imepewa 0. Nondo zilipoingia dukani nafasi ya msimbo mpya ilikuwa imekwisha, ikabidi rangi irefushwe iwe 1110 na nondo zichukue 1111, jambo ambalo kijana bado analinung'unikia.