Kutoka Mwembe Tayari Hadi Ngamiani na Wasikilizaji wa Jazi

Aprili 30 ni Siku ya Kimataifa ya Jazi, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2011. Kesho yake ni Mei Mosi, sikukuu Kenya na Tanzania pia. Mtangazaji wetu wa kipindi cha jazi cha Jumapili usiku hapa Mombasa alizitazama tarehe hizo zilivyofuatana, akasema hewani: anayetaka kwenda Tanga alete arubuni. Haikupita wiki basi dogo likajaa, mweka hazina akaanza kurudisha watu.

Kwa asiyekifahamu kipindi, saa ya kwanza ni ya Wamarekani na watu wa Afrika Kusini: Duke Ellington, Miles Davis, Abdullah Ibrahim, Hugh Masekela. Saa ya pili ni ya bendi zetu zilizojiita Jazz kabla na baada ya uhuru: Dar es Salaam Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz na mtindo wao wa Saboso, Nuta Jazz na wao wa Msondo. Nusu saa ya mwisho ni salamu na maombi, na hapo ndipo kwenye ugomvi. Wazee husema saa ya kwanza ni muziki wa kulia chakula hotelini. Vijana husema saa ya pili ni ya mababu. Mtangazaji hapendelei upande. Kazi yake ni kushona: akimaliza saksafoni ya Coleman Hawkins, hakutupi ghafla kwenye tumba, atatafuta wimbo wa Nuta unaofunguka kwa saksafoni, na ukishtuka umeshavuka bahari bila kujua. Kati ya nyimbo hizo mbili hupenda kuweka wimbo wa Kikuba, kwa sababu santuri za Kikuba za mfululizo ulioitwa GV, zilizoanza kutolewa mwaka 1933, ndizo zilizowafunza vijana wengi wa Afrika kupanga bendi. Mimi ningeanza na saa ya pili, nimeshamwambia, na amenisikia kwa adabu tu.

Swali la kwa nini Tanga liliulizwa na wengi. Kuna waliotaka Nairobi, kwenye matamasha ya viti vya kukodi. Lakini mtu anayependa gita la Afrika Mashariki akifuatilia lilikotoka, mara nyingi atajikuta Tanga. Ndugu wa ukoo wa Kinyonga, Wilson Peter na George Peter, walipigia Jamhuri Jazz ya Tanga kabla ya kwenda Arusha na kuunda Arusha Jazz, kisha wakavuka kuja Kenya, na kutoka hapo tukapata Simba Wanyika mwaka 1971. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wakajitenga, wakawa Les Wanyika, na “Sina Makosa” bado inaamsha watu vitini kwenye harusi za hapa Mombasa. Tukija kwenye hesabu, nusu ya saa ya pili ya kipindi chetu ni mali ya Tanga.

Tulikutana Mwembe Tayari baada ya swala ya alfajiri, mvua ya masika ikinyunyiza. Kabla basi halijang'oa, mabishano ya kwanza: feri au Dongo Kundu? Njia mpya ya Dongo Kundu inakutoa Miritini hadi upande wa kusini bila kugusa maji, na waliotaka kulala njiani waliitaka hiyo. Mama mmoja wa Bondeni, aliyekuja na mto wake na chupa ya chai ya tangawizi, akawakata maneno: “Mwatoka Mombasa kwenda matembezini, na feri mwaikimbia? Mimi nashuka hapa hapa.” Tukaenda feri. Abiria wote tukateremka na kuvuka kwa miguu, basi likaja na magari mengine, na mtangazaji akiwa katikati ya umati wa Likoni, na kipaza sauti chake kidogo mkononi, alirekodi mlio wa injini na wachuuzi wa korosho. Alisema ataufungulia kipindi. Mzee wa Majengo, ambaye hana kipindi alichokikosa, akamwambia, “Yakhe, hiyo feri ndiyo ngoma bora kuliko saa yako ya kwanza.”

Ukunda tulipita bila kusimama. Kuanzia hapo redio ya basi ilikuwa bado inatushika, na studio ilikuwa inatupigia nyimbo za safari kwa salamu. Tulipopita Msambweni ikaanza kukwaruza, sauti ikawa inakuja na kuondoka kila barabara inapopanda na kushuka, na karibu na miwa ya Ramisi ikakatika kabisa. FM ndivyo ilivyo, inataka ionane na mnara wake. Hapo mzee wa Majengo akapata nafasi yake. Akatuhadithia jinsi nyumbani kwao walivyokuwa wakisikiliza Radio Tanzania Dar es Salaam kwenye masafa ya kati na mafupi, usiku, antena ikiwa ni waya uliofungwa kwenye mti wa mpera. Tanzania wakati huo haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi zilirekodiwa na RTD kwenye kanda, zikapigwa redioni; aliyetaka santuri ilimbidi bendi yake ifike Nairobi. Kisha Februari 1977 mpaka ukafungwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka huo huo, na haukufunguliwa hadi 1983. “Mtu alizuiwa, lori likazuiwa,” alisema mzee. “Mawimbi hayakuulizwa pasi.”

Sisi tuliulizwa. Kituo cha Lunga Lunga na Horohoro ni cha pamoja, kwa hiyo unapita upande wa Kenya na kwenda kugongwa mihuri yote miwili upande unaoingia. Wenye pasipoti walimaliza upesi, wenye hati za muda wakangoja, na wa afya wakataka kadi ya homa ya manjano kwa kila mtu. Afisa mmoja aliyaona masanduku ya spika na gita la kijana wetu wa Nyali akauliza:

“Nyinyi ni bendi?”

“Hapana, afande. Ni wasikilizaji.”

“Wasikilizaji tu?”

“Wasikilizaji tu.”

Alizifunua tena zile karatasi kama anayetafuta tulikoficha wapigaji, akacheka, akatuombea safari njema.

Kutoka Horohoro barabara ni nzuri, inang'aa kwa mvua. Ukikaribia Tanga mkonge unaanza, mistari kwa mistari hadi macho yachoke. Mjerumani Richard Hindorf ndiye aliyeuleta nchini mwaka 1893, na kufikia miaka ya mwanzo ya uhuru Tanganyika ilikuwa inaongoza duniani kwa kuzalisha mkonge. Nadhani huwezi kuelewa bendi za Tanga bila mashamba haya. Mshahara wa mwisho wa mwezi, vibarua kutoka kila kabila, bandari, reli, mabaharia wenye santuri mifukoni: mji wenye hayo yote lazima utakuwa na mahali pa kucheza Jumamosi. Kamba za nailoni zilipouangusha mkonge, pesa za dansi nazo zikapungua. Kwangu mimi si ajabu kwamba wapigaji walianza kutazama upande wa Arusha, Mombasa na Nairobi.

Mjini tulifikia nyumba ya wageni upande wa Raskazone, tukala wali wa nazi na samaki wa kupaka, na alasiri tukaelekea Ngamiani, kwenye ile mitaa iliyopewa namba badala ya majina, baiskeli zikipita kila upande. Mtangazaji alikuwa amepatana na mzee mmoja aliyepiga gita la rithim kwenye bendi za hapa ujanani mwake. Aliomba jina lake lisitajwe, na sitalitaja. Alitungoja barazani, kanzu safi, gita la kawaida lisilo na umeme mapajani. Uzi wa pili ulikuwa waya uliochomolewa kwenye breki ya baiskeli. Aliuonyesha kabla hajaulizwa.

Alitaka tujue kitu kimoja, kwamba rithim haichapwi. Alikamata kodi, yaani sauti kadhaa za kupigwa pamoja, kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akawa anazichambua nyuzi moja moja, kidole gumba kikishuka, cha shahada kikipanda, hata kodi ile ile moja ikatembea kama mtu anayepanda ngazi na kushuka bila kuchoka. “Solo anazungumza,” alisema. “Rithim anamwitikia. Besi anawatazama wote wawili wasigombane.” Kisha akapunguza mwendo, akapiga kibwagizo, akasimama kidogo, na ghafla akaingia kwenye chemko, ile sehemu ya kasi ya kuchezea. Mama wa Bondeni alishainuka. Wengine tulipiga makofi ya kufuatisha, na watoto wa mtaa wakajaa mlangoni.

Kijana wa Nyali, ambaye ni wa saa ya kwanza kwa damu na nyama, alikuwa amekodolea macho kile kidole gumba. Mpiga gita wake mkubwa ni Wes Montgomery wa Marekani, aliyepiga kwa kidole gumba badala ya kijikucha cha plastiki. Akatoa simu, akamwomba mzee asikilize, akamwekea spika za masikioni. Mzee alifumba macho wimbo mzima. Tulingoja.

“Huyu fundi,” akasema. “Fundi kweli. Ila wachezaji wake wamekaa chini.”

Basi lote lilirudia maneno hayo hadi tunarudi, na nina hakika yatasomwa hewani kila saa ya kwanza ikianza.

Ubishi mwingine ulihusu santuri. Nyimbo nyingi za enzi hizo zilitoka kwenye santuri ndogo za mizunguko 45, na kwa kuwa upande mmoja haukutosha, wimbo ulikatwa: mashairi upande wa kwanza, chemko upande wa pili. Mtangazaji wetu huziunganisha kwenye kompyuta wimbo uende moja kwa moja. Mzee wa Majengo anachukia hilo. Kwake, ule muda wa kuinua sindano, kugeuza santuri, kupuliza vumbi na kuishusha tena ulikuwa wa kumtafuta mwenzako wa kucheza naye. Mwenye gita akamuunga mkono, akaongeza kuwa ukumbini hakukuwa na kukatwa, bendi ingeweza kukaa kwenye chemko hadi jasho limkatishe mtu. Kwa hiyo kila mmoja alikuwa na haki kidogo, na mtangazaji akakubali kujaribu Jumapili moja kuweka zile santuri zenyewe, na mkwaruzo wake.

Usiku tulirusha kipindi kutoka uani kwa mzee, kwa intaneti ya simu, studio ya Mombasa ikitupokea. Ilikatika mara kadhaa, na kila ilipokatika fundi mitambo wa kule akajaza kwa Abdullah Ibrahim, kwa hiyo waliokuwa nyumbani walipata piano ya Cape Town ikipishana na gita la Ngamiani bila mtu kupanga. Mke wangu alinitumia ujumbe wa sauti kuwa ndicho kipindi bora alichowahi kusikia. Sikumwambia sababu.

Akina mama hawakukubali tumalize bila taarabu. “Tanga bila Black Star si Tanga,” alisema mama wa Bondeni, na yuko sahihi. Black Star Musical Club waliingiza gita la umeme na besi kwenye taarabu, mtindo huo ukavuka mpaka, na taarabu ya Mombasa ikabadilika. Huko ndiko sauti ya mwimbaji Shakila, aliyefariki mwaka 2016, ilikoanza kujulikana, kabla ya kundi la Lucky Star. Mzee alizijua nyimbo zote, akawapigia, akina mama wakaimba na kutunzana wenyewe kwa wenyewe kwa noti za Kitanzania ambazo wengi wetu tulikuwa bado hatujazizoea hesabu yake.

Mei Mosi tulipelekwa Mapango ya Amboni. Kuna giza, kuna popo, kuna mwongozaji mwenye tochi na hadithi ndefu. Anayependa mapango atayapenda.

Kurudi, hakuna aliyetaka feri tena, tukazunguka Dongo Kundu. Ndani ya basi mtangazaji aliita kura ya safari ijayo. Lamu ilipata kura kadhaa, Unguja zaidi, lakini mzee wa Majengo aliomba nafasi ya kusema. Alikumbusha kwamba Mbaraka Mwinshehe, wa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, alifariki kwa ajali ya barabarani huku huku kwetu Mombasa, Januari 1979. “Mgeni amefia kwetu,” alisema, “na sisi hatujaenda kwao hata kutoa mkono wa pole.” Hakuna aliyeinua mkono kwa Unguja baada ya hapo.

Basi ni Morogoro, masika yakiisha. Njia ni ile ile hadi Tanga, kisha Segera na Chalinze. Mweka hazina anasema safari hii hakuna hati za muda, kila mtu awe na pasipoti yake, na arubuni hairudishwi. Mama wa Bondeni ameshalipa ya watu wawili, na hajasema wa pili ni nani.