Sweta la Lushoto

Jamani, leo mniache niandike kidogo.

Mnaojua mnajua: nauza mitumba hapa hapa nyumbani, Ngamiani, Tanga mjini. Alfajiri nachagua nguo kule Tangamano, narudi nafua, napiga pasi, napiga picha mlangoni penye mwanga, naweka status.

Juzi dada mmoja wa Lushoto alitaka sweta la kumpa mama yake. Baridi ya kule si ya kuchezea. La kijani alilolipenda lilikuwa limetoboka kiwiko. Nikamtumia picha ya tundu lenyewe, nikamwambia, "Dada, ukitaka nitalitia uzi, ila rangi haitalingana." Akajibu, "Litie tu," akatuma hela hapo hapo. Hanijui, hajawahi kuniona.

Usiku nikakaa na sindano. Jana asubuhi nikalipeleka stendi ya Kange, nikamkabidhi kondakta, nikarudi na roho juu. Mzigo ukipotea, mteja hamdai kondakta, ananidai mimi.

Leo saa saba mchana ikaingia sauti. Nikadhani ni malalamiko. Kumbe ni mama mwenyewe, anaongea polepole, nyuma kuku wanalia:

"Mwanangu, limenifika. Nimepapasa hapa kwenye kiwiko, nimeona umeshona kwa mkono. Ahsante, mama."

Kwa mkono. Amepaona!

Nimeisikiliza mara nne, pasi ikapoa mezani.

Wenzangu mnaouza mtandaoni, mteja gani amewahi kukugusa hivi? Niambieni, nasoma zote leo.